Joto la Atuganile

Baridi ya darasani ilitosha kuhifadhia nyama, lau nyama ingekuwapo. Mwalimu Subilaga aliwabananisha wanafunzi wake kwenye madawati ya mbele, bega kwa bega kama viazi guniani, akainua chupa ndogo yenye kimiminika kisicho na rangi.

"Ipyana, shika hii. Ina joto au baridi?"

"Baridi, Mwalimu. Kama pua ya mbwa."

Wakacheka, mvuke ukawatoka midomoni. Mwalimu akawaacha wacheke, maana kucheka nako kunapasha mwili. Kisha akafungua kizibo, akadondosha punje moja ya chumvi kavu. Pale ilipoangukia palichipuka weupe, ukatambaa, ukajaza chupa nzima kabla Ipyana hajafunga mdomo.

"Yesu! Mwalimu, imepata joto!"

"Joto kutoka wapi? Mmeniona nikiwasha moto?"

Hakuna aliyeona moto, na kijijini Ikombelo hakukuwa na cha kuwashia. Tangu vumbi la milima iliyolipuka ng'ambo ya dunia lizibe anga, misitu ya Uporoto ilinyauka, watu wakaichoma yote, na kitanda cha mwisho cha mbao kiliishia mekoni mwaka juzi. Kijiji kiliishi kwa vioo vilivyopangwa mlimani. Vioo vilikusanya kile kidogo kilichopenya kutoka juani, vikakitia kwenye tangi la chumvi, na kutoka tangini mabomba yalipita chini ya nyumba zote. Wiki hiyo ukungu ulikuwa umeukalia mlima kama mgeni asiyejua kuaga. Mabomba yalikuwa baridi.

"Jana nimelala na chupa hii kwapani," Mwalimu alisema. "Chumvi ilikuwa yabisi. Joto langu likaingia ndani, chumvi ikayeyuka, ikawa kimiminika. Asubuhi nikaitoa, ikapoa, ukiigusa ni baridi tupu. Lakini joto lililoiyeyusha halikutoka. Limejificha humo. Linangoja mbegu. Ukiitia mbegu, chumvi inarudi kuganda, na kila ilichokimeza inakitapika. Joto halizaliwi wala halifi. Linafanya nini?"

"Linahama!"

"Kutoka wapi kwenda wapi?"

"Kutoka kwenye moto kwenda kwenye baridi!"

"Limewahi kurudi lenyewe?"

"Halijawahi!"

Walijibu kwa pamoja kama wanaimba. Ila palikuwa na binti mmoja, Tumpe, ambaye mdomo wake haukuwahi kupata kifuniko. Alinyoosha mkono. "Mwalimu, hilo joto sasa ni lako au ni la Ipyana?"

"Joto halina jina, Tumpe. Andikeni hivyo. Joto halina jina."

Wakaandika. Kila mtoto aliyepita mikononi mwa Mwalimu Subilaga aliwahi kuiandika sentensi hiyo, na kwenye mtihani haikumwangusha hata mmoja. Tumpe alimaliza kuandika, akatazama alichokiandika, akainua uso.

"Sasa kama halina jina, mfuko wa Atuganile mbona hujaufungua?"

Ipyana alimkanyaga Tumpe mguu, lakini alikuwa amechelewa. Mwalimu Subilaga aliichukua chupa, akaifuta kwa pindo la kitenge ingawa haikuwa na uchafu wowote, akasema somo limekwisha. Mganga hajigangi, na hilo watoto walikwenda kujifunza wenyewe njiani.

*

Wataalamu walioleta ile mifuko ya chumvi waliileta kwa ajili ya jua. Hakuna aliyewaambia watu wa Ikombelo waitumie kwa wafu. Waliona wenyewe. Mtu anayekata roho ana joto, na joto hilo lingekwenda bure kwenye hewa ya mlimani ambayo haishukuru. Basi wakaanza kumlaza mgonjwa aliyekatiwa tamaa juu ya mfuko, mfuko mpana kama godoro la kitoto kichanga, ili anapoondoka chumvi ibaki na kile alichokuwa nacho. Siku ya kuanua tanga familia huketi pamoja. Mdogo kuliko wote nyumbani hudondosha mbegu, mfuko ukawa mweupe, ukapata moto wa mwili wa mtu, nao wakaukumbatia kwa zamu hadi upoe. Wakishalia kwa mara ya mwisho, wanaizika chumvi na maisha yanaendelea.

Mfuko wa Atuganile haukufunguliwa. Mtoto alifariki masika yaliyopita, akiwa na miaka saba, mapafu yamejaa maji, na mfuko wake ulilala kitandani kwa mama yake, upande wa ukutani, alikolala yeye zamani. Humo ndani mlikuwa na kimiminika angavu kama maji ya chemchemi. Kwenye shingo ya mfuko ilifungwa punje ya mbegu ndani ya kitambaa. Subilaga hakuwa na mwingine, baba wa mtoto alitangulia siku nyingi. Kila asubuhi aliugusa mfuko, ukawa baridi, naye akafarijika. Maadamu ulikuwa baridi, mwanawe alikuwa bado yumo.

Mchana huo alikuwa ameketi na kiazi chake kimoja cha siku, akikitafuna polepole, alipoona kivuli kwenye uwazi wa mlango. Aliinua macho. Bupe alikuwa amesimama hapo, viganja wazi mbele ya tumbo, asiseme neno.

Hivyo ndivyo desturi ilivyotaka. Joto la marehemu haliombwi kwa mdomo. Mwenye shida husimama mlangoni, viganja wazi, kimya. Mwenye nyumba akiridhia, hutoka na mfuko. Asiporidhia, hufunga mlango taratibu, na jambo hilo halizungumzwi tena mpaka wote wawili waingie kaburini. Wazee waliona hivyo ni adabu. Maneno yangeleta ugomvi juu ya wafu.

Bupe alikuwa amejifungua asubuhi ya siku hiyo. Kijiji kizima kilijua, na kilijua pia kwamba mtoto ametoka kabla ya wakati wake. Kanga aliyojifunga kiunoni ilikuwa na damu. Mumewe alikuwa bondeni kutafuta chakula. Bupe alikuwa ametembea peke yake kutoka kwake mpaka hapo, akijishikilia kuta za watu.

Subilaga alimtazama na moyo wake ukamwambia neno moja tu: kumbe.

Kwa sababu masika yaliyopita ni yeye aliyesimama, tena kwenye mlango wa Bupe. Mzee Mwakilembe, baba yake Bupe, alikuwa ametoka kufariki, tanga halijaanuliwa, na mfuko wake ndio uliokuwa umebaki kijijini bila kufunguliwa. Atuganile alikuwa kitandani, kucha zimekuwa za buluu. Subilaga alisimama na viganja wazi, upepo ukamkata uso. Bupe alitokea, akamtazama, midomo ikamcheza kana kwamba angesema kitu, halafu akafunga mlango. Siku mbili baadaye walimlaza Atuganile juu ya mfuko wake mwenyewe.

Tangu hapo walipishana njiani kama mawe.

Subilaga aliinuka. Akaufuata mlango. Akaufunga, taratibu, kama desturi inavyotaka, ila moyoni aliubamiza mpaka nyumba ikatikisika.

Akarudi kuketi. Alikuwa ameingoja saa hiyo mwaka mzima, wala hakujua kama anaingoja. Alikitazama kiazi. Akasikiliza nyayo za Bupe zikiondoka, maana mlango ukishafungwa mtu huondoka. Hakusikia nyayo. Akasikiliza tena. Badala ya nyayo alisikia kitu kikiukwaruza mlango kwa chini, na akaelewa kwamba mwenzake ameketi kizingitini kwa kukosa nguvu za kurudi.

Aliufungua. "Nyanyuka," alisema, na kwa kusema tu alikuwa amekwisha kuivunja desturi. "Nitakuja kumshika kifuani mimi mwenyewe. Lakini mfuko siuleti."

*

Bi Kissa, mkunga, alikuwa amekaa sakafuni kwa Bupe na mtoto ndani ya blauzi yake. Alikuwa mwanamke wa miaka mingi na mifupa mingi, na alimpokea Subilaga bila hata salamu.

"Vua koti, mwanangu. Sisi wote tumeshapoa. Mama yake ametoka damu, hana kitu. Mimi nina ngozi tu."

Akamtoa mtoto. Alikuwa wa kiume, mdogo kama kiatu, midomo ya kijivu. Hakuwa akilia. Bi Kissa alisema tangu azaliwe amelia mara moja, kama anayepiga hodi, akanyamaza.

Subilaga alimweka kifuani, ngozi kwa ngozi, akajifunika blanketi na koti juu yake. Baridi ikamwingia. Akajisahihisha, maana ualimu haumtoki mtu hata msibani: baridi haiingii. Baridi si kitu, haina miguu. Ni joto ndilo linalotoka. Akalihisi likitoka, likimwendea yule kiumbe, akaliambia kimoyomoyo liende, liende lote. Lakini mwili uliokula kiazi kimoja hauna moto wa kugawa. Baada ya muda alianza kutetemeka magoti, kisha mabega. Meno yakagongana.

Bi Kissa aliingiza kidole chini ya blanketi, akaugusa mguu wa mtoto. Akatikisa kichwa.

"Bado barafu. Na wewe sasa unatetemeka. Mnapozana."

"Ngoja kidogo, Bi Kissa."

"Nikingoja wewe utapata ugonjwa na yeye atakufa. Huyu anataka joto lisilochoka mpaka ukungu uondoke. Mtu anachoka."

Hakutaja mfuko. Bupe, aliyekuwa amelala kando ya ukuta, hakutaja mfuko. Wote watatu waliutazama ukuta kana kwamba umeandikwa kitu, na mfuko ukajaa chumba kizima.

Subilaga aliinamisha kichwa akamnusa yule mtoto utosini. Alinuka kama watoto wote. Kama Atuganile alivyonuka. Akakumbuka kumshika mwanawe hivihivi, kifua kwa kifua, akitetemeka hivihivi, akimwahidi kwamba joto lipo linakuja, mama amekwenda kusimama mlangoni kwa watu, watu watatoa. Mtoto alimuuliza, "Wametoa?" Akamjibu, "Wanatafuta ufunguo." Huo ndio uongo wa mwisho aliomwambia, na mtoto aliuamini mpaka mwisho.

Alimrudisha mtoto kwa Bi Kissa, akavaa koti, akatoka.

Kitandani kwake aliinua mfuko. Ulikuwa mzito, ukalegea mikononi kama mtoto aliyesinzia akibebwa. Alikaa nao mapajani. Aliijua sayansi yote. Alijua kwamba ndani ya mfuko ule hamkuwa na sauti ya Atuganile, wala meno yake mawili yaliyong'oka, wala ule uvivu wake wa kunawa miguu. Mlikuwa na chumvi, maji kidogo, na joto lililojificha. Joto la uji wa mtama ambao mtoto alikunywa, uji uliotoka kwenye mtama, mtama uliokula jua. Jua halikuwahi kumjua Atuganile. Haya yote aliyajua, na hayakumsaidia chochote. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, bila kujali nani anasikia.

Kisha akaubeba mfuko mgongoni, akaufunga kwa kitenge, jinsi anavyobebwa mtoto.

*

"Sikufanyii wewe," alimwambia Bupe alipoingia. "Nakuambia mapema ili usije ukanishukuru."

Bupe alifumba macho. Bi Kissa aliutandaza mfuko juu ya mkeka, akafungua kile kitambaa cha shingoni, akatoa mbegu. Akasita.

"Hudondosha mdogo wa nyumba."

"Nyumba yangu haina mdogo, Bi Kissa. Wewe ndiwe uliyemwosha."

Mkunga alifikiri. Halafu aliuchukua mkono wa kile kitoto, mkono mdogo kama ua la pareto, akaibandika punje kwenye vidole, akavileta juu ya shingo ya mfuko. "Huyu hapa mdogo," alisema. "Na tuseme leo kijiji ni nyumba moja."

Punje ikaanguka.

Weupe ulichipuka shingoni, ukatambaa. Subilaga alikuwa ameonyesha darasani mara nyingi, kila mwaka, kwa kila kundi, na kila mara watoto walishangilia. Sasa aliuona ukienda, ukiyala maji safi, ukijitanda kama ukungu kwenye bonde, na alitaka kuuambia usimame. Haukusimama. Ulipofika pembe ya mwisho, hapakuwa tena na mahali popote pa kumngoja Atuganile.

Bi Kissa akamlaza mtoto juu yake chumvi ikiwa bado laini, akawafunika wote wawili kwa blanketi.

Subilaga alinyoosha mkono. Alitaka kugusa tu. Pembeni, penye ncha, ambako mtoto hakufika. Mwaka mzima alikuwa amelilinda joto lile na hakuwahi kulihisi hata mara moja, maana siku ya kulihisi ilikuwa ndiyo siku ya kulipoteza. Bi Kissa alimwona na hakumkataza. Angeweza kuweka kiganja pale na hakuna binadamu ambaye angemlaumu.

Lakini kiganja chake kilikuwa baridi, na joto huhama kutoka penye moto kwenda penye baridi, halichagui kiganja cha mama. Chochote ambacho angechukua, kingetoka kwa yule mtoto. Aliuvuta mkono. Akaketi chini na kuikalia mikono yote miwili, mmoja chini ya kila paja, ili isimponyoke.

Walikaa hivyo. Nje ukungu ulianza kupata rangi. Kwanza mtoto alikunja uso. Midomo ikaanza kuacha ukijivu. Halafu, kama mtu aliyekumbuka malalamiko yake yote kwa mpigo, akalia. Alilia kwa hasira, miguu ikipiga blanketi, na Bi Kissa akacheka kwa furaha akampiga Bupe goti. "Msikie! Msikie mwenye nyumba!"

Bupe hakucheka. Alijikokota mpaka nyuma ya pazia, akarudi na kitu kilichofunikwa kanga kuukuu. Akakiweka mbele ya Subilaga, akakifunua.

Ulikuwa mfuko. Chumvi yake ilikuwa ngumu kama jiwe, nyeupe iliyokwisha kuwa ya manjano kwa kukaa.

"Wa baba," alisema.

"Mlianua tanga. Mnautunza wa nini?"

"Siku tuliyoanua tanga ulikuwa hivi hivi. Tulijifanya. Tukaufunika blanketi, tukaukumbatia kwa zamu, kila mmoja akasema, 'Ana joto, ana joto.' Ulikuwa umepoa, Mwalimu. Uliganda kabla. Nilikuwa nimemkumbuka baba, nikafungua kizibo ninuse kama bado ananuka tumbaku. Chumvi kavu ya ukingoni ikaangukia ndani. Nikauona unakuwa mweupe mbele ya macho yangu. Nikaukumbatia peke yangu mpaka ukaisha. Wewe ulikuja siku ya tatu yake."

Bi Kissa aliacha kucheka. Huko Ikombelo mfuko ukiganda wenyewe, husemwa kwamba marehemu ameikimbia nyumba. Watu huikwepa nyumba hiyo hata kwa chumvi ya mboga.

"Ungesema," Subilaga alinong'ona.

"Mlangoni hapasemwi."

"Ungenionyesha! Ungeufungua mlango ukanionyesha, nikaenda kwangu nikijua kwamba hakuna. Nimekuchukia mwaka mzima, Bupe. Nimeamka nako, nimelala nako."

"Niliona haya kuliko nilivyoona huruma," Bupe alisema. "Hilo ndilo kosa langu, na silitafutii pa kulificha tena. Nisamehe, mama."

Chuki ndiyo iliyokuwa blanketi la Subilaga tangu masika, na sasa ilikuwa imevuliwa na chini yake hakukuwa na nguo. Hapakuwa na mlango uliomuua mwanawe. Hata ungefunguliwa, ndani yake mlikuwa na jiwe. Hapakuwa na mtu wa kumchukia popote duniani. Atuganile alikuwa amekufa kwa baridi, basi. Aliinamisha kichwa magotini, na kwa mara ya kwanza alimlilia mwanawe bila kumlilia mtu mwingine ndani yake.

Jua lilipopenya lilipenya kidogo, rangi ya chai iliyozidi maziwa, lakini vioo vya mlimani vililipata, na punde mabomba yakaanza kugugumia chini ya sakafu. Bi Kissa alimwinua mtoto kumbadilisha nguo. Mfuko ulikuwa umepoa, umekwisha. Katikati ya ile chumvi ngumu palibaki bonde dogo, alama ya mgongo wa mtoto ambaye si wake. Subilaga alilipapasa bonde lile kwa kidole. Lilikuwa baridi kama ukuta.

"Mwalimu," Bupe aliita. "Viganja."

Subilaga hakuelewa.

"Fungua viganja, mama."

Akavifungua, pale alipoketi, mbele ya tumbo, kama alivyovifungua masika yaliyopita katika upepo. Bupe alimchukua mtoto kwa Bi Kissa, akainama kwa taabu, akamlaza mwanawe viganjani humo, uchi, jinsi alivyotoka kwenye mfuko.

Alikuwa wa moto. Moto wa mwili, ule wa kwapani, ule wa mtoto aliyelala na kuamshwa asubuhi ya shule. Ulimpita Subilaga viganjani, ukampanda mikononi. Na Mwalimu Subilaga, aliyewaandikisha watoto wote wa Ikombelo kwamba joto halina jina, alimwinua yule mtoto mpaka shavuni, akaliita kwa jina lake.